Mwalo Umehama, Sumu Imebaki

Shamba lenyewe liko Chunya, upande wa Makongolosi: ekari tano za baba mkwe wangu zinazoteremka polepole hadi korongoni. Ekari mbili za chini mzee alimkodishia mchenjuaji wa dhahabu afungue mwalo, yaani mahali pa kusaga na kuoshea mawe ya dhahabu, kwa karatasi moja ya daftari yenye sahihi tatu: yake, ya mpangaji na ya shahidi ambaye sasa ni marehemu. Kodi ililipwa kwa wakati, hilo lazima niseme. Watoto wawili wa ukoo wamemaliza sekondari kwa hela ile. Mpangaji alipopata eneo jingine alibeba karasha, akabeba mabati na mbao, akatuachia sakafu ya zege, mashimo ya kuoshea, kilima cha marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa dhahabu, na ardhi isiyoota hata mbigili.

Mume wangu kazi yake iko Mbeya mjini. Mzee miguu ilipoanza kumsumbua, mimi ndiye niliyehamia shambani. Naandika kwa sababu tangu majani marefu yaanze kuonekana pale chini watu wanapita kuuliza, na wengi wanakuja na habari ileile iliyotufikia sisi: panda alizeti, zitanyonya sumu yote, baada ya misimu miwili unarudisha mahindi yako. Habari hiyo ina ukweli kidogo, na ndiyo maana ni ya hatari. Anayeitegemea ataendelea kulisha watoto wake sumu huku akidhani ameshasafisha.

Dhahabu ya Lupa, yaani ya ukanda wetu huu wa Chunya, inachimbwa tangu miaka ya 1920, na njia ya wachimbaji wadogo wengi bado ni ya zamani. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwa maji, zebaki inachanganywa ili ishikane na dhahabu, kisha donge linachomwa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Ila si zebaki yote inayopaa. Nyingine inatoka na maji, nyingine inalala ndani ya marudio. Halafu mawe yenyewe ya ukanda huu mara nyingi yana galena, yaani madini yenye metali nzito iitwayo risasi, na yakishasagwa yanakuwa vumbi laini kama sembe. Kwa hiyo mwalo ukihama usifikiri umeachiwa zebaki tu.

Shemeji yangu ndiye aliyekuja na mbegu. Alizipata kwa jamaa aliyekuwa anazungusha video ya alizeti za Chernobyl, kule kilikolipuka kinu cha nyuklia, na kuuza "mbegu maalumu za kusafisha ardhi" kwa bei mara tatu ya dukani. Nilizimimina kiganjani nikaziangalia. Hazikuwa na tofauti yoyote na zile tunazokamua mafuta kila mwaka.

"Shemeji," nikamwuliza, "huyo mtu amepima udongo wetu?"

"Hajapima. Amesema alizeti haichagui sumu."

Alizeti inachagua, tena sana. Ya Chernobyl ni kweli yalifanyika, miaka ya 1990: alizeti zilioteshwa juu ya maboya yanayoelea kwenye bwawa, mizizi ikining'inia majini, zikanyonya sesiamu na strontiamu zenye mionzi. Majini sumu imeshayeyuka, mzizi unaipokea tu. Ardhini risasi imeng'ang'ania chembe za udongo na mzizi hauipati kirahisi, na hata ikiingia, sehemu kubwa inaishia mizizini bila kupanda kwenye shina. Zebaki ni hivyohivyo. Mimea inayovuta metali kwa pupa ipo duniani, wala si hadithi. Kisiwani Kaledonia Mpya kuna mti ambao utomvu wake una rangi ya kijanikibuluu kwa sababu umejaa nikeli. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza aina ya kangaga inayokusanya aseniki kwenye majani yake. Kuna mimea ya ukoo wa haradali na kabichi inayopenda zinki na kadimiamu. Lakini kila mmoja una metali yake, na kwa zebaki haujapatikana mmea wa asili wa kiwango hicho. Swali la kwanza, kabla ya kuuliza mmea gani, ni metali gani.

Zile mbegu zilikuwa zimeshalipiwa na mvua zimeshaanza, kwa hiyo zilipandwa. Nikaweka sharti moja: udongo upimwe kabla ya kuvunwa chochote.

Kuchukua sampuli ndiko nitakakokuchosha kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Tumia ndoo ya plastiki, usitumie ya bati, kwa kuwa bati limepakwa zinki na litakuharibia majibu. Jembe lisuguliwe kutu yote. Usichanganye shamba zima kuwa sampuli moja. Ukifanya hivyo sehemu safi itaificha sehemu chafu, na utapata jibu la katikati lisilomhusu mtu. Sisi tuligawa hivi: pale mwalo ulipokuwa, chini ya mwalo, mteremko hadi korongoni, kilima cha marudio peke yake, na ekari ya juu ambayo haijawahi kuguswa na mchenjuaji. Hiyo ya juu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bila hiyo hujui udongo wako wa kawaida una kiasi gani. Kila sehemu tulitembea kwa kupindapinda, tukichimba hadi sentimita 20, tukakusanya kwenye ndoo, tukachanganya vizuri, tukagawa mara nne na kutupa robo mbili zinazotazamana, tena na tena, mpaka ikabaki kama nusu kilo. Kausha kivulini juu ya karatasi safi. Ukianika juu ya bati la moto au karibu na jiko, zebaki itapaa, na maabara itakuambia shamba lako ni zuri. Andika lebo kwa penseli. Wino wa peni unayeyuka ukikutana na unyevu.

Maabara nyingi za udongo wa kilimo zinapima pH, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Metali nzito ni kipimo kingine, mashine nyingine, bei nyingine. Piga simu kabla ya kupanda gari. Sisi tulianza kwa bwana shamba. Kwa ushauri wa udongo na mbolea akatuelekeza kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, na kuhusu metali akatuambia tukaulize Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Na bei ikae akilini hivi: inahesabiwa kwa sampuli na kwa kila metali. Sampuli tano kwa metali nne ni vipimo ishirini, si vitano. Nilipoelewa hilo nilipunguza: risasi na zebaki kwa sampuli zote, aseniki na kadimiamu kwa mbili tu. Hata hivyo ng'ombe mmoja aliuzwa, na mzee hakufurahi.

Wakati tunasubiri majibu, alizeti nazo zilikuwa zinajibu. Pale mwalo ulipokuwa hazikuota kabisa. Chini yake zilifika magotini, majani ya njano, vichwa vidogo kama vifungo. Kwenye mteremko zilisimama vizuri, ndefu, zimejaa. Shemeji akaniita nikaone, akisema mteremko ni mzima.

Majibu yakasema tofauti. Mwaloni na kwenye marudio risasi na zebaki zilikuwa juu sana, hilo tulilitarajia. Lakini hata mteremko, na uzuri wake wote, ulikuwa na risasi mara kadhaa ya ekari ya juu. Mmea unaweza kunawiri kwenye udongo wenye risasi ya kumdhuru mtoto. Ukijani si cheti. Aseniki haikuwa tatizo kwetu. Udongo ulikuwa na tindikali, jambo la kawaida maeneo mengi ya huku.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Fanya hesabu hii na wewe, haihitaji shule kubwa. Ekari moja ya udongo, kwa kina cha sentimita 20, ina uzito wa kama tani 1,000. Tuseme ina miligramu 300 za risasi kwa kila kilo ya udongo. Hiyo ni gramu 300 kwa tani, yaani kilo 300 za risasi ndani ya ekari moja. Unataka kuishusha hadi 200. Lazima utoe kilo 100. Sasa tuseme alizeti zimekubali vizuri, umevuna tani tatu za mabua na majani makavu kwa ekari, na kila kilo imebeba miligramu 50 za risasi, kiasi ambacho ni cha kuipendelea alizeti. Umetoa gramu 150. Kwa msimu mmoja. Chunya mvua ni moja kwa mwaka. Kilo 100 kwa gramu 150 ni zaidi ya miaka 600.

Nilimwonyesha shemeji. Akaipitia mara ya pili kwa kikokotoo cha simu, akacheka, kisha akanuna.

Tukabaki na mavuno. Na hapa ndipo habari za kwenye simu zinaponyamaza: ule mmea ulionyonya, hata kama ni kidogo, unaupeleka wapi? Mabua ya alizeti huku ni kuni. Jirani alikuja na kamba yake kabisa. "Mama Tumaini, yale mabua kama hamna kazi nayo, mimi nikayachukue ya jikoni." Ilibidi nimketishe nimweleze kwamba yakichomwa, zebaki iliyomo inaondoka na moshi ndani ya jiko lake, na risasi inabaki kwenye majivu, ambayo yeye huyatumia kusugulia sufuria. Ukiyaoza mboji, unairudisha shambani. Ukiyapa ng'ombe, ndiyo kabisa. Tuliyarundika juu ya ile sakafu ya zege, tukafunika kwa mabati chakavu, na yako pale hadi leo.

Mbegu zilileta ugomvi. Shemeji alisema mafuta hayana shida, tukamue tuuze. Kwa mafuta alikuwa na hoja, kwa sababu metali haziendi sana kwenye mafuta. Zinabaki kwenye mashudu, na mashudu yanaenda kwa kuku na ng'ombe wa mtu. Tulivutana siku mbili tatu mpaka mzee akauliza kutoka kitandani ni magunia mangapi. Akaambiwa manne.

"Magunia manne ndiyo yanawafanya mgombane nyumbani kwangu?"

Hayakukamuliwa.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza upya. Kuna kazi mbili tofauti ambazo watu wanazichanganya: kunyonya na kufunga. Ukitaka mmea unyonye, unataka metali iyeyuke, na udongo wenye tindikali unasaidia hilo. Ukitaka sumu isitembee, unataka kinyume chake: chokaa, fosfeti, mizizi mingi, ardhi iliyofunikwa. Yule muuza mbegu alikuwa anawaambia watu waweke chokaa na hapohapo alizeti zinyonye. Hayo mawili hayaendi pamoja. Kwa risasi na zebaki, kwenye shamba la mtu wa kawaida asiye na miaka 600, kazi inayowezekana ni kufunga. Ukiwa na shamba lenye kadimiamu kidogo, mahesabu yanaweza kuwa tofauti. Hapo mmea unaonyonya una nafasi, kwa miaka si karne.

Lakini kabla ya mmea wowote, ondoa chanzo. Kile kilima cha marudio kilikuwa kinateremshwa na mvua kila mwaka, na kupanda chini yake wakati chenyewe kipo ni kudeki sakafu huku bomba linavuja. Bahati yetu ni kwamba marudio ni mali. Kwa njia ya zebaki, mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu inabaki ndani, na wenye mitambo ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, wanayanunua ili kuitoa. Tulikwangua na udongo wa juu wa mwaloni tukauza pamoja, tukiloweka kwa maji kabla ya kupakia ili vumbi lisiruke. Hela ile ndiyo iliyorudisha ng'ombe na kulipia karibu kila kitu kilichofuata.

Sitaficha kwamba hili halijanikaa vizuri. Zebaki ikikutana na sayanaidi inayeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataka tabia ya kumwagia sayanaidi marudio ambayo hayajatolewa zebaki ikomeshwe. Niliomba kuona leseni ya mnunuzi, nikaiona. Nikamwuliza kama anatoa zebaki kwanza, akasema ndiyo. Nilimwamini nusu. Ningekuwa na njia nyingine ya kuyaondoa bila kuyaacha yateremkie korongoni ningeichukua; sikuwa nayo.

Tulipofikia mashimo ya kuoshea, shemeji alipiga jembe pembeni, akaligeuza, na pale kwenye makali vikateleza vitone vitatu vinne vyeupe, vinang'aa, vikakimbiana, vikaungana kuwa kimoja kikubwa kama punje ya harage. Watoto waliokuwa wanatazama wakaruka kuvishika. Kwa hiyo andika hili mahali: zebaki ya majimaji usiishike, usiifagie, usiipashe moto. Isukume kwa karatasi ngumu hadi ndani ya chupa ya plastiki yenye maji kidogo, funga kifuniko, iweke nje ya nyumba, mpigie afisa mazingira wa halmashauri. Usikubali "kumwuzia mtu" ili urudishe hela ya soda. Unamuuzia anayeenda kuichoma kwenye sufuria.

Nyasi ya vetiva ndiyo iliyokuja kushika mteremko. Mizizi yake inashuka chini mita mbili, tatu, inavumilia udongo mbovu na ukame, na metali nyingi inazizuia mizizini badala ya kuzipandisha kwenye majani. Aina inayogawanywa kwa vipando haitoi mbegu za kuota, kwa hiyo haitakuvamia shamba. Inapandwa kwa mistari ya kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa mmoja, kipando hadi kipando sentimita 10 hadi 15, na baada ya misimu inakuwa ukuta: maji yanapita, udongo unabaki.

Mistari tuliipima kwa fremu ya A, fito tatu na kamba yenye jiwe. Shemeji, ambaye alikuwa bado amenuna kwa ajili ya alizeti zake, ndiye aliyekuwa fundi. Alikata fito mbili za urefu sawa, akazifunga juu, akapitisha ya tatu katikati, akaning'iniza jiwe, akaweka alama ya kati kwa mkaa. Ukisimamisha miguu miwili na kamba ikagusa alama, miguu hiyo iko usawa mmoja. Piga vigingi, zungusha fremu, endelea. Alirudia mstari wa kwanza mara kadhaa kwa sababu upepo ulikuwa unalichezesha jiwe, mwishowe akabadilisha akafunga chupa ya maji. Wale wa Iringa wanaochimba makinga maji wanajua kazi hii; huku kwetu watu walisimama njiani kututazama.

Kuhusu gharama ya vetiva: mstari wa mita 100 unakula vipando kama 670. Sisi tulinunua kwa shilingi 200 kimoja. Mistari minne tu, fanya hesabu. Usinunue vyote. Nunua mia tatu, viweke kwenye kitalu sehemu safi yenye maji, palilia, na kila shina litakugawia mengi msimu unaofuata. Kabla ya kupanda kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi 10. Panda mvua ikishashika kweli, si ile ya kwanza ya kudanganya. Mwaka wa kwanza vetiva ni dhaifu, magugu yanaishinda na haipendi kivuli. Na ng'ombe wanakula majani machanga. Wafugaji wanapita kwetu kila kiangazi, na tulipoteza karibu mstari mzima asubuhi moja. Nilimfuata mwenye ng'ombe nikiwa na hasira, lakini nilipomweleza kwamba pale palikuwa mwalo, yeye ndiye aliyeshtuka zaidi, akaanza kuhesabu ni ng'ombe gani waliokula. Hajapitisha tena. Baadaye tukazungushia miiba, na mkonge upande wa njia.

Kati ya mistari tuliweka mbolea ya Minjingu, ambayo ni ya fosfeti, kwanza, kwa sababu fosfeti inaifunga risasi kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, na yenyewe inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Chokaa ya kilimo kutoka Songwe ikafuata baadaye, pamoja na samadi. Angalizo: kama vipimo vyako vina aseniki, usikimbilie fosfeti, kwani inaisukuma aseniki itoke kwenye udongo. Ndiyo sababu nasema zile sampuli mbili za aseniki zilistahili hela yake. Mwaloni kwenyewe, penye upara, tulipandikiza ukoka. Haunyonyi chochote cha maana. Kazi yake ni kuzuia vumbi.

Vumbi ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mahindi. Risasi inawaingia watoto kwa mikono na mdomo, na inaharibu ubongo unaokua. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwao. Mwaka 2010, Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa katika vijiji ambavyo watu walisagia mawe ya dhahabu majumbani. Kule hawakupanda kitu. Walikwangua udongo wa juu wa nyua na kuweka mwingine. Kwetu mwalo ulikuwa mbali na nyumba, lakini buti zinatembea. Sasa buti na nguo za kule chini haziingii ndani, zinafuliwa peke yake, na kazi ya kule inafanywa udongo ukiwa na unyevu.

Chini ya shamba letu, kandokando ya korongo, kuna bibi mwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni. Mchicha wake ndio unaoliwa na nusu ya mtaa. Nilizunguka siku nyingi kabla ya kwenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunifukuza kwenye vinyungu vyangu, nimeshasikia."

Nikamwambia sijaja kumfukuza. Akasema mchicha ule amekula tangu wazungu wako Lupa, na meno yake anayo. Sikubishana naye juu ya meno. Nilimwomba jambo moja: apande nyanya, bamia na maboga karibu na korongo, na mchicha, chainizi na figiri avihamishie juu, kwenye kipande chetu cha ekari safi, bure. Mboga za majani ndizo zinazobeba metali nyingi; matunda na nafaka hubeba kidogo. Tena kwa zebaki majani yana mlango wa pili: yanaivuta kutoka hewani mtu anapochoma donge jirani, na hiyo haioshwi na maji. Alifikiri, akauliza maji ya kumwagilia kule juu atayapataje. Swali la haki. Tukanunua mpira mrefu na pampu ya kukanyaga, na hiyo nayo imo kwenye gharama za kusafisha shamba, ingawa hakuna video inayoitaja. Mchicha ameuhamisha. Matembele bado yapo korongoni. Anasema ni ya sungura.

Kijana mmoja wa jirani alitaka kugeuza mashimo ya zamani kuwa mabwawa ya perege. Hilo nalikataza kwa nguvu zote. Kwenye matope yaliyotuama bila hewa, bakteria wanaigeuza zebaki kuwa aina mbaya zaidi, inayopanda kutoka kwa vijidudu hadi samaki hadi mtu. Minamata, Japani, watu walipooza na kufa kwa kula samaki wa ghuba yao. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Kwa sababu hiyohiyo mpunga usilimwe mahali hapo.

Leo ekari mbili zile hazijasafishwa. Risasi yote iko palepale. Kilichobadilika ni kwamba maji ya mvua yanayofika korongoni hayana tena rangi ya marudio, vumbi halipo, na hakuna chakula kinachotoka pale. Kati ya mistari tumeanza kupanda mikaratusi ya nguzo, na sehemu kavu nyonyo, kwa kuwa mafuta yake hayaliwi. Mapato ni ya kusubiri. Kama ungependa kujua, ukijumlisha vipimo, vetiva, chokaa, mbolea, uzio na pampu ya bibi, tulitumia zaidi ya kodi ya mwaka mzima ya yule mpangaji, na bila hela ya marudio tusingeweza.

Kuna mchenjuaji mwingine anayeitaka ekari ya tatu. Safari hii mkataba umeandikwa kwa mwanasheria: udongo upimwe kabla hajaingia, kwa gharama yake, na upimwe tena akitoka; mashimo yawe ya zege; hakuna kuchoma donge nje ya mtungi wa kunasa mvuke; marudio yaainishwe ni ya nani na yaondolewe lini; na dhamana ya fedha ikae benki mpaka vipimo vya mwisho visomwe. Ameomba kipengele cha dhamana kitolewe. Mzee amemjibu kwamba kodi anaweza kupunguziwa, dhamana hapana.